Kabla Hujachomeka Modemu: Dalili za Kompyuta Ambayo Haijawa Tayari

Modemu ikisumbua, wa kwanza kulaumiwa huwa ni mnara. Kuna siku mnara unastahili lawama hizo. Mji wa Kigoma umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata mtandao tofauti kabisa kwa sababu moja iko juu na nyingine imejificha bondeni. Lakini chukua hiyo modemu inayosemwa imekufa, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani, na mara nyingi utaiona inafanya kazi bila neno. Shida ilikuwa ndani ya kompyuta tangu modemu ikiwa bado kwenye boksi lake.

Kompyuta nyingi za majumbani huku ni za mtumba. Zilifanya kazi maofisini, zikasafishwa, zikawekewa Windows upya au zikaachwa hivyo hivyo, kisha zikaletwa Kigoma kwa basi au kwa treni. Zinakuja na mambo ya huko zilikotoka: anwani za mtandao wa ofisi ya zamani, saa iliyolala, draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) zisizokuwepo, diski iliyojaa. Ukiyashughulikia siku moja kabla, fundi wa kampuni akija Ujiji au Katubuka atachomeka, atajaribu na kuondoka. Usipofanya hivyo atahangaika hapo nusu saa, atakuambia kompyuta yako ndiyo mbovu, na kumrudisha mara ya pili ni juu ya mfuko wako.

Anza na simu yako

Kabla ya jambo lolote, ipe kompyuta intaneti ya simu uone inavyoipokea. Chukua simu ya Android yenye bando kidogo na uiunganishe kwa waya wa USB. Uwe waya unaopitisha data, maana zile za bei chee nyingi zinachaji tu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya hotspoti, uwashe kugawa intaneti kwa njia ya USB. Windows 7 na zilizofuata huichukulia simu hiyo kama kadi ya mtandao, aghalabu bila kudai chochote zaidi. Fungua kurasa mbili tatu.

Zikifunguka, kompyuta ni nzima kwa sehemu kubwa, na modemu ikija kugoma utajua pa kutazama. Zisipofunguka, usikimbilie dukani; modemu mpya nayo itagonga ukuta huo huo. Njia hii ina faida nyingine: kompyuta isiyo na draiva ya kadi yake ya mtandao haiwezi kwenda intaneti kuitafuta, kwa hiyo simu ndiyo inayoipeleka. Ila usiiache imeunganishwa ukaenda kunywa chai. Sababu utaiona tukifika kwenye habari ya bando.

"Nimechomeka, kompyuta imekaa kimya"

Tazama taa ya modemu kwanza. Ikiwa haiwaki kabisa, umeme haufiki. Kwenye kompyuta ya mezani, hamia matundu ya USB ya nyuma. Yale ya mbele hutegemea kawaya kadogo ndani ya boksi, na fundi aliyewahi kulifungua anaweza kuwa amekasahau kukarudisha. Ya nyuma yameshikana na ubao mkuu wenyewe.

Hali ya hayo matundu nayo iangalie kwa tochi. Kiangazi cha huku, Juni hadi Septemba, vumbi jekundu huingia kila mahali, na kompyuta inayokaa sakafuni hulila lote. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha safisha kwa brashi laini iliyo kavu au kwa blowa. Kitambaa chenye maji kiache jikoni. Ukikuta mayai ya mjusi karibu na feni usishangae, hizo boksi wanazipenda kwa joto lake.

Taa ikiwaka lakini kompyuta ikakaa kimya, tatizo ni draiva. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc ili Device Manager ifunguke, utafute kifaa chenye alama ya njano. Kuna jambo moja linalowapoteza wengi hapa: Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0. Kompyuta yenye matundu ya bluu, ikiwekewa Windows 7 bila draiva hizo, itayaacha yale ya bluu yakiwa mapambo tu. Hamishia modemu kwenye tundu jeusi na mambo huenda yakaisha hapo hapo.

"Imetokea kama CD"

Hii haina neno. Modemu nyingi za USB zimetengenezwa zijitokeze kwanza kama diski ya CD yenye programu yake ndani, na programu hiyo ikishawekwa ndipo modemu inajigeuza kuwa modemu. Fungua hiyo CD na uiendeshe programu mwenyewe, kwa sababu siku hizi Windows haiendeshi vitu vya namna hiyo bila kuuliza. Ikigoma kuendelea, tazama nafasi kwenye diski ya C. Mstari wake ukiwa mwekundu, futa video na mafaili mazito au yahamishie kwenye diski ya nje, kisha rudia.

Flashi ndizo zinazoharibu zoezi hili. Kompyuta iliyowahi kuchomekwa flashi za steshenari zote za mjini mara nyingi ina kirusi kinachogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Kiondoe kabla ya siku ya modemu. Antivirusi nayo iwe moja tu. Mbili kwenye kompyuta moja huzuiana, na zinaweza kuizuia hata programu ya modemu.

"Inawaka, inazima, inawaka tena"

Hapa jiulize inazima wakati gani.

Kama inakata pale unapoanza kuitumia, au ikiwa inahangaika kutafuta mtandao, shuku umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 linafika 900. Modemu hula umeme mwingi zaidi inapopaza sauti kuufikia mnara ulio mbali, ndiyo maana tatizo hili huwakuta zaidi watu wa bondeni na wa nyumba zenye kuta nene na paa la bati. Mtu anaona mtandao hafifu, ananunua waya mrefu wa USB ili aitundike modemu dirishani, na huo waya unaupunguza umeme zaidi. USB 2.0 haikusudiwi kuvuka mita 5, na nyaya nyembamba za mitaani huchoka hata kabla ya hapo. Ukitaka kuisogeza dirishani, tumia waya mfupi na mnene. Vinginevyo nunua rauta ya kuweka laini, uiweke dirishani na adapta yake, kompyuta ipokee kwa Wi-Fi. Mimi ningekwenda na rauta.

Kama inakata pale unapoiacha bila kuitumia, ukirudi unaikuta imelala, basi Windows inabana matumizi ya umeme. Ndani ya Device Manager fungua kila kilichoandikwa USB Root Hub, nenda Power Management, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Kwenye laptopu hili ni la lazima.

"Inasema imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka"

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na visababishi vyake ni vinne ambavyo kwa nje vinafanana.

Anza na tarehe. Mama mmoja anayeuza vitenge Ujiji alileta kompyuta yake ya mezani akiwa na wasiwasi mwingi. "Fundi, kila nikifungua barua pepe inaniambia kuna watu wanataka kuniibia." Kwenye kioo ulikuwapo ule ukurasa wa onyo wa kivinjari unaosema muunganisho si salama. Pembeni kulia, saa ya kompyuta ilikuwa inasoma Januari 2010. "Mama, hakuna mwizi hapa," nikamjibu, "saa yako ndiyo imelala." Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2010 hukiona cheti hicho hakijaanza kutumika, ikakikataa.

Unaweza kurekebisha tarehe kwa mkono na kurasa zikafunguka papo hapo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi umerudi 2010, kwa sababu kibetri cha mviringo kwenye ubao mkuu kimekwisha. Kinaitwa CR2032, cha volti 3, na hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme au kwa mafundi saa. Zima, chomoa, toa cha zamani, weka kipya maandishi yakitazama juu. Ukishamaliza, hakikisha na ukanda wa saa. Dar es Salaam haimo kwenye orodha ya Windows. Chagua Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya kimataifa.

Tarehe ikiwa sawa, nenda kwenye anwani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Namba ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Chunguza waya au uizime modemu na kuiwasha. Ukiona namba inayoeleweka lakini haihusiani na ya modemu, mfano modemu iko 192.168.8.1 na kompyuta inasoma 10.0.5.20, basi kuna mtu aliyeiandika anwani hiyo kwa mkono, na mtu huyo pengine ni fundi wa ofisi iliyoimiliki kompyuta kabla yako. Bonyeza Windows na R tena, andika ncpa.cpl, bofya kulia kadi inayohusika, ingia Properties, kisha mstari wa IPv4, uchague anwani itolewe yenyewe pamoja na DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Cha tatu ni proksi, urithi mwingine wa ofisi. Kompyuta imeagizwa ipitishe kila ukurasa kwenye seva fulani, na seva hiyo haipo Kigoma. Dalili yake ni kwamba ukiandika ping 8.8.8.8 kwenye lile dirisha jeusi, kujaribu kama intaneti inafikika, majibu yanarudi vizuri, ilhali vivinjari vyote vinakataa. Fungua mipangilio ya mtandao, sehemu ya Proxy, uzime palipoandikwa Use a proxy server. Baadhi ya virusi navyo hupenda kukiwasha kitufe hiki, kwa hiyo kikijiwasha tena kesho yake, safisha virusi kwanza.

Cha nne ni DNS. Ukipata majibu ya ping 8.8.8.8 lakini ping ya jina la tovuti inasema haimjui mwenyewe, anwani za DNS ni mbovu. Zirudishe zitolewe zenyewe, au andika 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

Umepita yote manne na kurasa zimegoma? Hapo ndipo umpigie mtoa huduma, ukiwa na la kumwambia. Ila kabla hujapiga, angalia salio la bando. Limewaaibisha wengi.

"Bando limekwisha na sijafanya kitu"

Hapa watu hutupiana maneno na mawakala bila sababu. Umeweka giga 5 jioni, asubuhi hakuna kitu. Aliyekula ni kompyuta.

Kompyuta iliyokaa miezi bila intaneti ina njaa ya masasisho. Ikiupata mtandao tu, Windows huanza kupakua kimya kimya, na sasisho kubwa linaweza kupita giga kadhaa. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kama imewashwa, inapandisha picha zako zote juu. Antivirusi nayo inachota mafaili yake.

Windows ina ustaarabu fulani: ikijua inatumia mtandao wa simu, yenyewe hujizuia. Shida ni modemu za kisasa. Nyingi hazijitambulishi kwa kompyuta kama modemu. Zinajionyesha kama kadi ya kawaida ya waya, Ethernet, na ukurasa wao wa mipangilio unafunguliwa ndani ya kivinjari. Nyingi za Huawei ziko 192.168.8.1. Windows ikiona Ethernet inadhani iko ofisini kwenye mtandao usiopimwa, inajimwaga. Hata simu uliyoiunganisha kwa USB huonekana hivyo hivyo, ndiyo maana nilikukataza kwenda kunywa chai.

Dawa yake: mara tu modemu inapotambuliwa, nenda Settings, mtandao, bofya Ethernet, uwashe Metered connection, yaani mtandao unaopimwa. Kwenye Wi-Fi ya rauta fanya vivyo hivyo, kwa sababu mpangilio huu unakaa kwa kila muunganisho peke yake. Kwenye Windows 10 za mwanzo kitufe hicho cha Ethernet hakikuwapo. Kililetwa na toleo la 2017. Zima na OneDrive isijiwashe kompyuta inapowaka.

Masasisho usiyakimbie moja kwa moja, lakini yapangie. Pakua kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, au peleka laptopu mahali penye intaneti isiyo na kikomo. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Modemu itafanya kazi juu yake kama kawaida, ila kinga yake inazidi kupungua. Windows 7 iliachwa tangu Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109. Tovuti zikianza kukataa kufunguka vizuri juu yake, usiisumbue modemu.

"Laini inafanya kazi kwenye simu, kwenye modemu haifanyi"

Laini ina namba ya siri? Iweke kwenye simu, izime namba hiyo, uirudishe. Ni laini ndogo iliyowekwa kwenye kifremu cha plastiki? Kifremu kikicheza, laini haigusi vyuma vyake, na wakati wa kuitoa inaweza kuving'oa. Nenda kabadilishe upewe ya saizi ya modemu. Modemu inaomba namba ya kuifungua (unlock code)? Imefungwa kwa kampuni iliyoiuza, na majaribio ya kubahatisha yana mwisho wake, kwa hiyo acha kubahatisha. Laini yenyewe isajiliwe kwa alama za vidole, utaratibu ulioanza Mei 2019. Piga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kikibaki kitu, ni APN, jina la njia ya intaneti ya kampuni linaloandikwa kwenye mipangilio ya modemu: iulize kampuni yako neno lake halisi na uliandike kama wanavyolitaja, herufi kwa herufi.

Modemu uliyoletewa na ndugu kutoka nje ya nchi ni habari nyingine. Inaweza kuwa haina masafa yanayotumika hapa, na hilo halina dawa ya kompyuta.

"Simu inaiona Wi-Fi, kompyuta haiioni"

Rauta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na 5. Kompyuta nyingi za zamani huiona ya 2.4 peke yake. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uiwashe ya 2.4, na ikibidi uipe jina tofauti. Hiyo ndiyo inayopenya kuta za matofali vizuri zaidi pia. Ikiwa jina linaonekana ila nenosiri sahihi linakataliwa, rauta huenda imewekwa kwenye ulinzi wa WPA3 ambao kadi ya zamani haiufahamu. Ishushe iwe WPA2.

Waliofikiwa na faiba

Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, umefika mjini Kigoma, na wenye bahati ya kuwa karibu na nguzo wanavutiwa waya hadi ndani. Kwa hawa kompyuta haihitaji programu yoyote: kebo ya mtandao kutoka kwenye kile kisanduku cha faiba kilichofungwa na kampuni hadi nyuma ya kompyuta, anwani itolewe yenyewe, basi. Taa yenye maandishi LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku, na hakuna utakachofanya kwenye kompyuta kikasaidia. Kagua kama kawaya kembamba kamekunjwa nyuma ya kabati au kamebanwa na mguu wa kochi; ndani yake mna uzi wa kioo, ukikunjwa sana unavunjika. Kakiwa kamenyooka na taa bado nyekundu, piga simu kwa kampuni.

Umeme na radi

Adapta ya rauta usiiazime kutoka kwenye kifaa kingine kwa kuwa tu pini inaingia. Soma volti chini ya rauta na juu ya adapta. Rauta ya volti 12 ikipewa 9 itawaka taa zake vizuri kisha iwe inajizima kila mtandao ukizidiwa, na utailaumu kampuni mwezi mzima.

Msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, ngurumo zikianza chomoa vitu viwili, waya wa umeme na ule wa mtandao. Wengi huchomoa wa kwanza na kuusahau wa pili, hasa wenye antena ya nje au laini ya simu ya shaba, na radi ikapita humo. Kompyuta inawaka kama kawaida, lakini taa ndogo kando ya tundu la kebo haiwaki tena hata ubadilishe kebo. Tundu hilo limeungua, ubao mkuu si lazima uwe umekufa. Nunua adapta ya kugeuza USB kuwa tundu la mtandao au kidude cha Wi-Fi cha USB, chomeka, na ukague draiva zake kwa njia ile ile ya simu.